Nyanya Hazitaki Kaskazi

Desemba moja nilipanda miche kumi na miwili ya nyanya uani kwangu, Dar es Salaam. Nikaipa samadi, nikaipa maji asubuhi na jioni, nikaisifia mbele ya kila mgeni. Ikarefuka, ikanona, maua yakaja kwa vishada. Halafu kila kukicha nikawa nayakuta maua chini, kikonyo kimekatika palepale kwenye kifundo, safi, kama kimepitiwa na wembe. Hadi Februari inaisha nilikuwa nimevuna nyanya tatu, na mojawapo ilikuwa kubwa kama golori.

Bibi wa nyumba ya pili alipita siku moja akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizo ulizipanda lini?"

"Desemba, bibi."

Akaguna. "Kaskazi hii? Basi wewe umepanda majani."

Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amemaliza somo zima kwa maneno hayo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Ume na uke vimo humo humo ndani. Lakini chavua yake haistahimili joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 23 hivi, na mchana ukapita 32, chavua inaishiwa nguvu, tunda halishiki, na mmea unalidondosha ua. Januari na Februari hapa Dar usiku unabaki kwenye nyuzi 25. Hilo huwezi kulibadilisha hata kwa samadi ya zizi zima. Juni hadi Agosti ndipo usiku unashuka hadi 19 au 20, kusi inavuma, watu wanatafuta shuka la pili. Ua la nyanya linatakiwa lifunguke hapo.

Kwa hiyo kabla hujanunua mbegu wala ndoo, hesabu miezi kurudi nyuma. Ukitaka kula nyanya zako Agosti, maua yaje mwishoni mwa Juni, miche iwe imepandikizwa katikati ya Mei, na mbegu ziwe zimesiwa kitaluni katikati ya Aprili, masika ikiwa bado inapiga. Kwa wenzetu wa Unguja, ambao nyanya kwao ni tungule, kalenda ni hiyo hiyo, na wa Tanga na Mombasa pia wanaweza kuifuata. Kama unaishi Iringa, Lushoto au Mbeya, joto la usiku si tatizo lako. Wewe ogopa mvua na ukungu, kwa hiyo panda mvua zikielekea kukatika na uwe na maji ya kumwagilia. Hali ya hewa ya huko ndiyo inayofanya magari ya matenga yatoke Ilula, mkoani Iringa, kuja kutulisha sisi wa pwani.

Mchicha kwanza

Mtu ambaye hajawahi kuotesha kitu, simshauri aanze na nyanya hata ikiwa Aprili. Nyanya inakaa nawe karibu miezi minne kabla haijakulipa, na njiani ina maadui wengi. Mchicha unakulipa ndani ya wiki tatu hadi nne. Anza nao, ujifunze mkono wako unamwagilia sana au kidogo, na jua linapiga uani kwako saa ngapi hadi saa ngapi.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya baruti. Ukiimwaga kavukavu itaanguka rundo sehemu moja na sehemu nyingine ibaki upara. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza juu ya tuta kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria kubwa. Funika kwa udongo mwembamba, usizidi unene wa kucha. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Ukimimina kwa kopo, mbegu zote zitaogelea hadi kwenye kona moja. Siku ya nne au ya tano utaona wekundu au kijani kikichungulia. Ukifika kimo cha shubiri moja, ng'oa ile iliyosongamana ule, uache mingine ipumue. Baada ya hapo unakata juu, shina linachipua tena mara mbili au tatu, kisha mmea unakimbilia kutoa mbegu na majani yanakuwa magumu. Ukiona hivyo ng'oa usie upya. Mimi nasia kituta kipya kila baada ya wiki mbili, hata kikiwa na ukubwa wa sinia tu, na nyumba haikosi mboga.

Matembele ni rahisi zaidi, karibu ni aibu kuyatolea maelekezo. Omba kwa jirani vipande vya shina vyenye urefu wa kama sentimita 30, zika vifundo viwili au vitatu, mwagilia wiki ya kwanza bila kukosa, kisha yaache yenyewe. Baada ya mwezi hivi unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotawanyika. Chainizi na sukuma wiki huhitaji kitalu na jicho la karibu kwa ajili ya vidukari. Kisamvu kipe kona ya mbali, kwa sababu kikishaota kinadai nafasi ya mti.

Dumu, kiroba na udongo

Wengi wetu ua ni zege, au ni futi tatu kati ya ukuta na karo la kufulia. Zinatosha. Nyanya moja inahitaji chombo cha lita 20, na dumu la njano la mafuta ya kula lililokatwa mdomo linafaa kabisa. Toboa matundu manane hivi chini kwa msumari uliopashwa moto, na mengine machache ubavuni karibu na kitako, kwa sababu ya chini yakikaa juu ya zege huziba. Dumu lililobeba dawa ya shambani au vilainishi vya gari usiliguse, hata likioshwa mara kumi. Kiroba cha kilo 50 kinabeba mboga za majani nyingi: unasimamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, unajaza udongo pembeni, kisha unatoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche ya sukuma wiki kuanzia chini hadi juu.

Chombo kikae mahali panapopata jua angalau saa sita, na jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri. Zege linalochomwa na jua la saa nane linapika mizizi. Inua madumu juu ya matofali au vipande vya mbao.

Udongo wa Dar, maeneo mengi, ni mchanga usioshika maji wala chakula. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza na nusu ndoo ya pumba za mpunga. Neno lenye uzito hapo ni iliyooza. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi ndani ya siku chache, na mtu hubaki kulaumu mbegu. Ingiza mkono katikati ya rundo: ukihisi moto, bado. Chota kiganja unuse: ikinuka banda, bado, ikinuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, tumia.

Maji ya kisima uyaonje kabla hujayategemea. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na ukiona utando mweupe juu ya udongo baada ya wiki mbili, ndiyo hiyo. Mchicha unaivumilia kiasi, maharage hayaivumilii kabisa, nyanya ipo katikati na inazaa matunda madogo. Kinga maji ya mvua wakati wa masika hata kama ni kwa pipa moja, na hayo ndiyo uyape miche michanga. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwage kwenye dumu, si kwenye karo.

Mbegu hadi mche

Kwenye maduka ya pembejeo utaulizwa kama unataka mbegu ya kawaida au chotara. Chotara, zile zilizoandikwa F1, huuzwa kwa bei ya juu, nyingi huzaa sana, na nyingine hupanda juu kama mkwezi, zikidai kamba, nguzo na kupogolewa kila wiki. Kwa ua wa nyumbani napendelea za kawaida: Tanya au Tengeru 97, zilizotoka mwaka 1997 katika kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru, Arusha, au Cal J ya siku nyingi. Tanya na Cal J zina kichaka kifupi, hazihitaji kuhangaikiwa matawi, na unaweza kutunza mbegu zake mwenyewe. Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, usome tarehe. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lisilo na jina ni kamari.

Udongo wa kitalu umwagie maji yanayochemka siku mbili kabla, upunguze vijidudu vinavyoozesha shina la mche mchanga. Chora mistari kwa kidole kwenye beseni lililotobolewa, weka mbegu moja moja kwa nafasi ya sentimita tatu, funika kidogo. Masika ikipiga, beseni likae chini ya paa ila lipate mwanga. Mche ukikosa mwanga unarefuka mwembamba kama mlingoti na hauna faida tena. Funika kwa kipande cha pazia jepesi kuzuia nzi weupe, maana ugonjwa watakaouleta huko mbele huanzia hapa.

Wiki ya nne, mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli na shina nene kama penseli, uhamishe. Fanya jioni, saa kumi na moja hivi, siku ambayo umemwagilia kitalu asubuhi. Chimba kwa kijiko kikubwa uuchukue na donge lake la udongo. Ondoa majani mawili ya chini, kisha uzike mche hadi shingoni, karibu na majani yaliyobaki. Ukitazama shina la nyanya dhidi ya jua utaona limejaa vinyweleo na vivimbe vidogo. Sehemu itakayofukiwa itatoa mizizi mipya, na mmea wenye mizizi mingi hautetereki. Mboga nyingine nyingi ukizizika hivyo huweza kuoza, nyanya ndiyo inayoshukuru. Shindilia udongo kwa vidole viwili, mwagilia, kisha simika mti wa kuegemea siku hiyo hiyo. Ukiuchomeka mti baada ya mwezi unapasua mizizi.

Aina ndefu zina machipukizi yanayoota kwapani, kati ya jani na shina. Yavunje kwa vidole asubuhi yakiwa bado laini. Aina fupi usizivunje, matunda yanatoka huko huko.

Mbolea ya dukani si dhambi. Wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandikiza, natia CAN kizibo kimoja cha soda kwa kila dumu, nikiizungusha pembeni mbali na shina kisha kumwagilia. Wanaotia vizibo vitatu ili "ikue haraka" hupata msitu wa majani usio na tunda.

Kitako cheusi

Nyanya ikishaanza kubeba, kazi kubwa ni maji, na hapa ndipo wengi hupoteza mavuno wakiwa wameshaokoka kila kitu. Utaona tunda la kijani, zuri, ligeuze: kitako kimekuwa cheusi, kimebonyea, kigumu kama ngozi ya kiatu. Watu hukimbilia dawa ya ukungu. Huo si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni. Inasafirishwa na maji, na maji yakija kwa pupa leo, yakikatika siku tatu, haifiki mwisho wa safari.

Mwaka mmoja nilisafiri siku tano na kumwachia kijana wa nyumbani madumu yangu. Alikumbuka siku ya nne, akayapa ndoo nzima kila moja kwa kutubu. Wiki iliyofuata nilitupa matunda kumi na saba. Maganda ya mayai yaliyosagwa ni mazuri kuchanganya kwenye udongo mapema, lakini yanaoza taratibu mno kuliokoa tunda la wiki hii. Tiba ni kumwagilia kiasi kile kile, saa ile ile. Wakati wa kubeba, dumu moja linataka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zaidi kukiwa na upepo mkavu. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili: pakiwa na unyevu, subiri. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, usinyeshee majani. Tandaza nyasi kavu au pumba juu ya udongo unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Kama maji kwenu yanakatika au wewe ni mtu wa safari, chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, izike kichwa chini kando ya shina uijaze. Inadondosha polepole, na inasamehe usahaulifu wa siku moja.

Maua yakija na hewa imetulia, yapigepige mashina kwa kidole saa tatu au nne asubuhi. Chavua inamwagika yenyewe.

Kantangaze na wenzake

Mdudu anayetisha zaidi siku hizi ni kantangaze, nondo mdogo wa rangi ya majivu aliyetoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006 na kutufikia mwaka 2014. Jina la kitaalamu lililozoeleka ni Tuta absoluta. Kila asubuhi ukiwa na kikombe chako cha chai, geuza majani machache. Ukikuta jani lina baka jeupe kama karatasi iliyolowa, linyooshe dhidi ya jua: ndani, kati ya ngozi mbili za jani, utamwona kiwavi mdogo wa kijani anatafuna, na kinyesi chake cheusi nyuma yake. Dawa ya kunyunyizia juu haimfikii vizuri akiwa humo. Chuma jani, litie kwenye mfuko wa plastiki, funga, anika juani siku nzima. Usilitupe kwenye mboji, utakuwa umemlea. Madumu sita unaweza kuyakagua kwa dakika kumi. Huo ndio ubora wa kulima kidogo. Beseni la maji ya sabuni chini ya taa ya nje usiku hupunguza nondo wenyewe.

Kwa vidukari na nzi weupe, twanga nusu kilo ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko cha sabuni ya maji. Nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, urudie kila wiki. Mmea ambao majani ya juu yamejikunja, yamedumaa na kuwa njano pembezoni, ambao wakulima wanauita rasta, una virusi vilivyoletwa na nzi weupe na hauponi. Ung'oe leo.

Mmea ukinyauka ghafla mchana ilhali udongo una maji, na majani bado ya kijani, kata shina karibu na chini, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na usilitikise. Ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, ni mnyauko wa bakteria. Udongo wote wa dumu hilo upeleke mbali. Ukikuta badala yake mizizi ina vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, na dumu hilo lipe mahindi au vitunguu majani msimu mzima.

Ukilazimika kununua kiuatilifu, nunua chenye lebo unayoweza kuisoma, na utafute mahali palipoandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama ni siku saba, ni saba. Kilichopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kisicho na lebo, hata akikiuza mtu unayemwamini, kiache.

Kuvuna, na baada ya hapo

Ndege na panya wanajua nyanya imeiva kabla yako. Ichume ikishaanza kugeuka wekundu hafifu, imalizie kuiva ndani, kivulini. Ladha haipungui sana, na ngozi haipasuki. Usiiweke kwenye friji kabla haijaiva.

Ya kwanza kuwa nzuri, kwenye mmea wenye afya kuliko yote, usiile. Iache iive hadi iwe laini, ikamue mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa siku mbili au tatu hadi inuke na kufanya utando. Ute huo unazuia mbegu kuota, na kuchacha ndiko kunakouondoa. Osha, mwaga zinazoelea, zilizozama zianike kivulini juu ya sahani, si karatasi, maana zitagandia. Kama mbegu yako ilikuwa chotara usihangaike, watoto hawatafanana na mama.

Oktoba joto likirudi na maua yakianza kuanguka, ng'oa tu. Usirudishie dumu hilo nyanya, wala bilinganya, ngogwe, pilipili au mnavu, ambao wote ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa. Ongeza samadi, upande bamia. Bibi wa nyumba ya pili alinipa mbegu zangu za kwanza akizifungua kwenye pindo la kanga, akaniambia nizilaze majini usiku mmoja kabla ya kupanda. Baada ya wiki saba hivi zinaanza kuzaa, na kaskazi ndiyo raha yake. Chuma kila siku ya pili, zikiwa na urefu wa kidole cha kati. Ukizisubiri zaidi ya hapo utakuwa unapika kamba.